Unga Ndani ya Nepi za Baba

Baba alianguka akiwa anafunga mlango wa banda la kuku. Ilikuwa asubuhi, nami niko jikoni natia majani ya chai, nikasikia kuku wanapiga kelele kama wameingiliwa na kicheche. Nilipotoka nilimkuta amekaa chini, mgongo ukutani, mkono wa kulia umelala juu ya paja kama si wake. Aliniangalia, akataka kusema neno, mdomo ukaenda upande.

Tulikuwa tunakaa Kisauni, kule juu kabisa, ambako nyumba zinaanza kuachana na unaona vumbi jeupe la machimbo ya Mwakirunge limetanda juu ya majani. Baba alikuwa mkata mawe. Maisha yake yote aliyamaliza timboni, kwenye yale mashimo mapana ambamo watu hushuka na kukata jiwe la matumbawe vipande vya kujengea. Nyumba nyingi za upande ule zimesimama kwa mawe yaliyopita mikononi mwake. Alikuwa mtu mrefu, viganja vipana, na maneno aliyatoa kwa uchache. Mama alipofariki mimi nikiwa sekondari, alijifunza kupika wali kwa kututazama tunavyokula. Tukitafuna sana, kesho yake aliongeza maji. Hakuuliza umeiva au haujaiva.

Tulizaliwa wawili. Kaka yangu alifanya kazi bandarini na kukaa Port Reitz pamoja na mkewe na watoto. Mimi nilibaki na baba, kwa sababu chuo nilichokuwa nikisomea shahada ya uzamili hakikuwa mbali sana, na kwa sababu hakuna aliyeona haja ya mimi kuondoka. Nilikuwa nikisoma kemia. Watu wa kanisani walipomuuliza baba binti yake anasomea nini, alijibu, "Anasomea maji." Wakidhani ni mambo ya kuchimba visima, waliitikia kwa heshima, naye hakuwasahihisha. Nami sikumsahihisha. Ilikuwa kweli kiasi cha kutosha.

Hospitalini walituambia ni kiharusi. Baada ya wiki kadhaa alirudishwa nyumbani, upande wa kulia umelegea wote, maneno yanatoka mazito na polepole, na mkojo haumpi taarifa unapokuja. Muuguzi aliyetupa maelekezo ya mwisho alituangalia mimi na kaka kisha akauliza, "Nyumbani kuna mwanamume?"

"Nipo mimi," kaka akajibu.

Basi akafundishwa yeye. Jinsi ya kumgeuza mgonjwa bila kumvuta bega, jinsi ya kumpangusa, jinsi ya kufunga zile nepi kubwa za watu wazima ili zisimbane mapajani. Mimi nilisimama nje ya pazia na mfuko wa nguo.

Kwetu binti haoni utupu wa baba yake. Hakuna aliyetuketisha akatufundisha jambo hilo. Tulikua nalo tu, kama tulivyokua na lugha. Kwa hiyo tukapanga. Kaka alikuja alfajiri kabla ya zamu yake, na jioni alipotoka kazini. Mchana alikuja mzee mmoja wa kanisa letu, mtu mpole aliyestaafu kazi ya reli, ambaye alikuwa rafiki ya baba tangu ujana. Wao waliingia chumbani na kufunga mlango. Mimi nilipika uji, nikafua mashuka, nikamlisha kwa kijiko, na mlango ulipofungwa nilikwenda uani nikatafuta kitu cha kufanya. Siku ambazo lazima niwe maabara, mke wa jirani alimwangalia.

Mpango ule ulidumu mpaka mzee wa kanisa alipofiwa kwao, bara ya Kaloleni. Alikwenda kuzika. Siku ile ile kaka akanipigia simu kabla ya adhuhuri, nyuma yake nasikia milio ya mitambo.

"Dada, tumekwama na kazi ya meli. Hawatuachilii mpaka jioni."

"Na baba?"

"Mwambie avumilie."

Jua lilikuwa kali na chumba kilishaanza kunuka. Nilisimama mlangoni. Baba alikuwa amefumba macho, lakini nilimjua akilala na nilimjua akijisingizia.

"Baba."

"Mm."

"Kaka hawezi kuja mpaka jioni."

"Nitangoja."

"Jioni ni mbali. Ngozi yako itachubuka."

Niliingia. Nilichukua leso yangu ya kujifunga, nikamtandikia kutoka kifuani hadi magotini, nikafanya kazi yote chini ya leso kwa kupapasa, macho yangu nimeyaelekeza dirishani. Yeye aligeuza uso ukutani. Alifumba macho kwa nguvu kama mtoto anayenyweshwa dawa chungu, na mkono wake mzima, ule wa kushoto, ulishika ukingo wa kitanda mpaka vidole vikapauka. Tulimaliza bila neno. Nilipotoka na ile nepi iliyotumika nilishangaa uzito wake. Nilisimama nyuma ya nyumba nimeishika katika mfuko, nikalia, kisha nikanawa uso na kuingia ndani kumpa uji.

Toka siku hiyo baba hakusema nami. Hakuwa na hasira. Nilimpelekea chakula akala, nikamuuliza kama anasikia baridi akatikisa kichwa, lakini macho aliyapeleka dirishani na hapo yakabaki. Mzee wa kanisa alichelewa kurudi kutoka msibani, kisha akaugua miguu, kwa hiyo kazi ya mchana ikawa yangu, hata siku za maabara nikawa narudi kuifanya. Kila mchana leso, kila mchana uso ukutani.

Nikaanza kuona vikombe. Nilimwachia maji karibu na mkono wa kushoto, nikirudi nakuta yamejaa vile vile. Midomo yake ilipasuka. Nilimbembeleza, akanywa funda moja kwa kunitii, akakirudisha kikombe. Mzee wa kanisa alipopata nafuu, ingawa hakuweza tena kuinua mtu, akaja kumsalimu, walizungumza peke yao, na alipokuwa anaondoka akaniita kando ya mlango.

"Binti yangu, baba yako hanywi maji."

"Nimeona."

"Anasema akinywa atakuletea kazi."

Muuguzi alikuwa ametuonya kwamba mtu wa kiharusi akikaukiwa mwili anaweza kupigwa tena. Nilimweleza baba hivyo, kwa upole, kisha kwa ukali, na vyote viwili alivipokea kwa kichwa kile kile kilichotazama dirisha.

Masika yaliingia. Mchana mmoja mvua ilikuwa inapiga mabati mpaka huwezi kusikia redio, nami niko kitandani pake nafunga nepi mpya. Akasema kitu, uso wake bado ukutani. Nilidhani analalamikia maumivu.

"Abee, baba?"

"Nauliza, kuna nini humo ndani?"

"Wapi?"

"Humo." Alinyoosha kidole cha kushoto kwenye ile iliyotumika. "Kitu chepesi kama karatasi. Kinabeba maji kama mtungi, na nje hakilowi."

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Katika maswali yote ambayo baba angeweza kuniuliza wakati ule, na yapo ambayo mpaka leo nisingeweza kuyajibu, aliuliza lile moja ambalo nilikuwa nimelisomea miaka yote.

"Nikuonyeshe?" nikamuuliza.

Aligeuza uso kutoka ukutani.

Nilimwinua nikamwegemeza kwa mito. Nikachukua nepi safi, nikaichana kwa mkasi, nikaikung'uta juu ya gazeti. Ikadondosha pamba, na pamoja na pamba chembe nyeupe zinazong'aa, kama chumvi ya mezani. Nilizikusanya. Kisha nikatoka mvuani na bakuli mbili. Moja niliijaza kwenye pipa linalokinga maji ya paa. Ya pili niliijaza maji ya kisima chetu, yale ambayo hata chai yake ina ladha ya chumvi na ambayo tulitumia kufulia tu. Nilizipanga juu ya sinia mapajani pake, nikatia kijiko kimoja cha unga kila bakuli.

Tukangoja. Kwenye maji ya mvua zile chembe zilianza kufura. Zilinenepa, zikasukumana, zikapanda, mpaka bakuli nzima ikawa imejaa kitu kinachong'aa kama vipande vya barafu. Niliipindua juu chini. Halikudondoka hata tone. Kwenye maji ya kisima unga ulifura pia, lakini kidogo, ukakaa chini, na maji yakaendelea kucheza juu yake.

Baba aliangalia huku, akaangalia huku. "Huku umetia kidogo."

"Kijiko ni kile kile."

"Basi unga umeharibika."

"Umetoka kwenye nepi moja, baba."

Alichovya kidole kwenye ile ya mvua, akakitoa na donge dogo limening'inia. Aliliangalia kwa muda mrefu. Nilikuwa sijamwona akiangalia kitu namna ile tangu augue. Zamani aliangalia hivyo jiwe kabla hajalipiga, akitafuta litapasukia wapi.

"Nieleze," akasema.

Nilimweleza kama nilivyoweza. Kwamba kila chembe ya unga ule ni nyuzi ndefu mno, nyembamba hazionekani kwa jicho, zimefungwa pamoja kama wavu. Kwamba juu ya kila uzi, toka mwanzo hadi mwisho, zimepangwa chaji za umeme, zote za aina moja. Na chaji za aina moja hazipatani, zinasukumana.

"Mbona hazisukumani hapa juu ya gazeti?"

"Kwa sababu kila moja ina mwenzake. Ana chaji ya kinyume, ndogo sana, amekaa ubavuni pake anamtuliza. Sisi tunawaita ayoni. Unga ukiwa mkavu, kila mtu yuko na wake."

"Halafu ukatia maji."

"Nikitia maji ya mvua, wale wenza wanaanza kuzurura. Nafasi ni kubwa. Wanapotoka, chaji za kwenye uzi zinabaki wazi zinatazamana. Zinasukumana, uzi unanyooka, wavu unatanuka, maji yanaingia kujaza nafasi."

"Na kisimani?"

"Kisimani kuna chumvi tayari. Maji yenyewe yamejaa ayoni. Wakitoka hawa, wengine wako hapo hapo wanazunguka uzi, wanazifunika zile chaji. Zikifunikwa hazionani tena, hazisukumani. Uzi unajikunja."

Alifikiri. Mvua ilikuwa imepungua na nilisikia maji yakidondoka pipani.

"Chumvi ya bahari hiyo?"

"Ya bahari ipo. Lakini kisima chetu kimechimbwa kwenye jiwe. Maji yanapita kwenye matumbawe yanakuja na chokaa. Na ayoni ya chokaa ina nguvu maradufu. Chumvi ya kawaida inashika chaji moja, hii inashika mbili kwa mpigo. Chokaa kidogo tu inatosha kuubana uzi."

"Chokaa ya mawe haya haya yetu?"

"Hii hii."

Upande mmoja wa mdomo wake ukainuka. Kilikuwa kicheko, kadiri alivyoweza kucheka siku zile. "Nimeila miaka mingapi," akasema, "na sikujua ina kazi hiyo."

Kisha akauliza kuhusu mkojo, akiangalia bakuli, si mimi. Nilimwambia mkojo una chumvi pia, kwa hiyo unga haufuri kama kwenye maji ya mvua, lakini waliotengeneza walilijua hilo ndiyo maana wametia mwingi. Ukinywa jagi zima leo, nikamwambia, nepi haishindwi. Na mimi sishindwi.

Nilianza kukusanya bakuli. Nilipofika mlangoni akaniita.

"Leta maji ya kunywa."

Alikunywa kikombe chote, akashusha pumzi, akanirudishia.

Siku iliyofuata, nilipoingia na leso, hakugeukia ukuta. Aliangalia dari akaniuliza, "Basi na huko chuoni mnatengeneza nepi?"

Nikamwambia hapana, na huku mikono inafanya kazi yake nikamweleza kazi yangu. Nyuzi zangu mimi nilizitoa kwenye mwani wa baharini. Hazikufungwa wavu. Nilikuwa nazitia kidogo mno katika maji mengi mno, mpaka kila uzi unaelea peke yake, mbali na mwingine, hakuna wa kuugusa. Hapo nachunguza uzi na ayoni zake tu.

"Unauchunguzaje na hauonekani?"

"Nina mrija wa kioo, mwembamba kama sindano ya kushonea magunia. Namwaga maji yenye nyuzi juu, napima yanachukua muda gani kushuka. Uzi ukinyooka unayazuia, yanachelewa. Ukijikunja yanateremka upesi."

"Kwa hiyo unakaa unaangalia maji yanashuka."

"Ndiyo, baba."

"Kutwa?"

"Kutwa."

Nikafikiri anasikitika kwamba ndicho alichonisomeshea. "Kazi hiyo ina utulivu," akasema. Nilikuwa nimeshamaliza kufunga nepi na sote wawili hatukuwa tumeona.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Nikiingia mchana anauliza nyuzi zimesemaje, nami nasimulia. Nilimweleza kwamba kila nikizidi kupunguza nyuzi na kuongeza maji safi, kila uzi kwa nafsi yake unazidi kunyooka na kuyakaba maji kuliko ulivyokuwa na wenzake, na kwamba jambo hilo liliwashangaza walioliona mwanzo. Nilimweleza jinsi jasho la kidole changu likigusa chupa kipimo kizima kinaharibika, nalazimika kuosha vyombo upya na maji yaliyochujwa. Alipenda habari za kuosha. Aliniuliza mara nyingi naosha vipi, nakausha wapi. Tulizungumza, leso imetandazwa kati yetu, na mikono yangu ikamgeuza, ikampangusa, ikamfunga. Maneno yale yalitusitiri sote. Sidhani kama tungeweza kuzungumza habari ya kuku, au ya mama.

Mchana mmoja nilimwambia kwamba si ayoni zote zinazoondoka. Zipo zinazobaki.

"Hata ukiongeza maji?"

"Hata ukiongeza maji matamu, mengi kama bahari. Chaji za kwenye uzi zikiwa karibu karibu mno, mvuto wake unakuwa mkali, na baadhi ya ayoni hazina nguvu ya kuuacha. Zinatembea juu ya uzi, mbele na nyuma, lakini hapo hapo."

Aliniomba nirudie. Nikarudia. "Nani amezihesabu?" akauliza. Nikamwambia kuna mahesabu, na kuna vipimo vinavyokubaliana na mahesabu, si vyote. Alisema amechoka anataka kulala, nikamfunika.

Tulipata miezi ya namna hiyo. Uso wake ulijaa tena. Aliweza kukaa kwenye kiti barazani jioni, mkono wa kulia umewekwa juu ya mto, watu wakapita kumsalimu. Kaka alianza kusema kwamba mwezi wa kumi na mbili tutampeleka nyumbani bara kwa Krismasi, na mimi nilimwamini.

Ugonjwa uliporudi, ulirudi kwa kifua. Alikohoa siku mbili, ya tatu akashindwa kumeza. Kaka ndiye aliyegundua, alfajiri, uji unarudi kwa pembeni ya mdomo na jicho moja haliitiki. Tulimpeleka hospitali. Walimlaza, wakamtundikia maji ya mshipa. Nilikaa kando ya kitanda nikiyaangalia yanashuka tone kwa tone, na bila kukusudia nikajikuta napima, natazama saa ya ukutani, nahesabu. Baba alifungua macho.

"Kesho una kazi?" akauliza. Ilimchukua muda kulimaliza swali.

"Ninayo, lakini nitakaa."

"Nenda."

Nilikwenda. Nilikuwa na miyeyusho niliyokwisha kuitayarisha, ambayo isingengoja. Niliipima asubuhi, nikafunga maabara mchana, nikaenda moja kwa moja hospitalini. Kaka alikuwa nje ya wadi kwenye benchi. Viatu vya baba vilikuwa magotini pake, ndani ya mfuko wa plastiki. Aliposikia hatua zangu hakuinua kichwa.

"Ameondoka," akasema.

"Lini?"

"Sasa hivi. Wanamtengeneza." Alikunja mdomo wa mfuko, akaukunjua. "Asubuhi aliniuliza kama umekwenda kazini. Nikamwambia umekwenda. Akasema vizuri."

Nilikaa kando yake. Watu walipita na chupa za uji na mablanketi. Baadaye kaka aliingia ndani kusaini, mimi nikabaki na viatu.

Tulimzika bara, kwenye boma la babu, ambako kuna minazi michache na kaburi la mama. Wanaume wa ukoo walimwosha. Walifunga mlango, wakabeba ndoo za maji na sabuni, na wanawake tukakaa uani kwenye mikeka. Nilisikia maji yanamwagwa ndani. Shangazi yangu mmoja alinishika mkono akaniambia pole, na kwamba yule ni wa wanaume sasa, nisihangaike. Nilikuwa nahangaika. Nilikuwa nataka kuwaambia bega la kulia lisivutwe. Niliujua mwili ule kuliko yeyote aliyekuwa mle chumbani, mahali pa kovu la nyundo, mahali ngozi ilipokuwa nyembamba, na hakuna mtu duniani ambaye ningeweza kumwambia hivyo. Nilikaa. Mlango ulipofunguliwa alikuwa amevishwa suti ya harusi ya kaka, kwa sababu yeye hakuwa na suti.

Kwenye ibada mzee wa kanisa alisimama kusema machache. Alieleza walivyokutana ujanani, akasifu uaminifu wa marehemu, kisha akakohoa akasema jambo ambalo sikulitazamia.

"Siku zake za mwisho ndugu yangu huyu alinifundisha," akasema. "Kila nikienda ananiambia habari za nyuzi. Kwamba kuna nyuzi kwenye maji, zina umeme, zikiwa kwenye maji ya mvua zinanyooka, zikiwa kwenye maji ya kisima zinajikunja kwa ajili ya chokaa. Nami nikamwambia, mzee, hayo umeyatoa wapi? Akaniambia, binti yangu ndiyo kazi yake. Akanieleza mara ya pili, nikasema nimeelewa. Wapendwa, sikuelewa."

Watu walicheka kidogo, kile kicheko cha msibani kinachokatika haraka. Baadhi waligeuka kuniangalia. Nilikuwa nimeinamisha kichwa. Sikuwa najua kwamba baba alikuwa anawaambia watu.

Niliporudi maabara nilikuta siwezi kazi. Si kwamba nililia. Niliosha vyombo, nikakausha, nikatayarisha miyeyusho kama kawaida, nikaketi mbele ya mrija. Maji yaliteremka, yakapita alama ambapo napaswa kubonyeza saa, nami naangalia tu. Nikamwaga tena juu, yakapita tena. Msimamizi wangu, mama mmoja asiye na maneno mengi, alisimama nyuma yangu nisijue kwa muda gani. Aliniambia nirudi nyumbani. Nikamwambia nyumbani hakuna mtu. Akavuta kiti, akachukua saa mkononi mwangu, akabonyeza yeye, mimi nikaandika. Tulifanya hivyo alasiri nzima. Siku chache baadaye niliweza peke yangu. Tasnifu niliimaliza mwaka uliofuata, nikapita, na ukumbini siku ya mahafali kaka alipiga makofi akiwa amesimama.

Sasa nafundisha kemia Likoni, nimepanga chumba na sebule karibu na shule. Nyumba ya Kisauni alihamia kaka na watu wake. Tulikubaliana hivyo bila ugomvi, ni mwana mkubwa, na nyumba ya Port Reitz ilikuwa finyu. Amepiga plasta nje na kupaka rangi ya maziwa, huwezi tena kuona mawe. Chumba cha baba wanalala watoto. Wifi yangu ni mtu mwema. Nikienda Jumapili ananiwekea kitambaa mezani na kunitolea vikombe vya kabatini, na nikiinuka kusaidia jikoni ananiambia, "Kaa, wifi, wewe ni mgeni."

Mara ya mwisho mpwa wangu mdogo, yule wa kike, alinifuata mpaka mlangoni.

"Shangazi, utalala?"

"Hapana, kesho nina vipindi."

"Ukilala utalala wapi?"

Mama yake alimwita aingie ndani. Kaka alinisindikiza hadi barabarani, akanibebea ndizi nilizopewa. Tulisimama tukiongea habari za mvua kuchelewa na bei ya mafuta ya taa. Aliniambia nisipotee. Nikamwambia nitakuja Jumapili nyingine, naye akaitikia, na Jumapili hizo zimepita kadhaa sijaenda.